Mlio wa Kitambaa Chekundu

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Huku sote tunapumua, na kwa mwaka ulivyoanza hiyo naihesabu kuwa habari njema. Mama magoti yanamsumbua lakini mdomo haujambo kabisa. Wiki iliyopita kamgombeza fundi bomba mpaka yule bwana akaondoka akasahau spana zake, na sasa Mama hataki kumrudishia mpaka aje kuomba radhi. Mdogo wangu, huyu tunayemwita Profesa, ameanguka mtihani wa udereva kwa mara ya tatu. Anasema mtahini ana chuki naye. Mara zote tatu mtahini alikuwa mtu tofauti, lakini tumemwachia faraja yake.

Utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Mjomba, simu sizitaki. Mwaka wa sita huu nakaa kwenye kile chumba cha kupokea simu za dharura: meza nane, zulia la kijivu, madirisha yasiyofunguliwa, na sikio langu la kulia limezibwa na hedifoni saa nane kwa siku. Nikitoka pale, simu yangu mwenyewe ikilia mkoba unanidondoka. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu, na wewe ndiye wa kwanza kuteseka na mwandiko wangu.

Sasa jambo lenyewe. Silali. Tangu Novemba nikijilaza tu, zile sauti za kazini zinajipanga foleni kichwani, kila moja na dharura yake, na mimi nazijibu moja moja mpaka saa ya kuamka. Daktari alitaka kunipa vidonge, ila kanuni za kazi yetu zinavikataza kwa sababu vinamwacha mtu mzito. Na nikiwa mzito, nikisinzia hata dakika mbili, kuna mtu upande wa pili wa laini atakufa. Sitii chumvi, ndivyo kazi ilivyo. Naogopa, Mjomba.

Jirani yangu pale mezani, tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzima, ana milio kwenye simu yake inayodunda, wuu, wuu, wuu. Anasema kuna wa kulalia, kuna wa kutuliza moyo, kuna wa kumfanya mtu akazie akili kazi. Nimeusikiliza wake, unakwaruza kama msumari kwenye bati. Ndipo nikakukumbuka wewe. Nilipokuwa mdogo nalala chini ya piano ulizokuwa unazitengeneza, ukinigonga na mguu uniulize, "Mapigo mangapi hapo?" nami nahesabu. Hakuna mtu ninayemjua mwenye sikio kama lako. Je, unaweza kunitengenezea?

Mpwa wako

21 Februari

Mpwa wangu, Mama Maswali,

Marahaba, tena marahaba mbili. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, bila kuvua kofia. Mwambie dada yangu hizo spana azirudishe kabla hazijaota kutu, na umwambie Profesa kwamba baba yake alifaulu mara ya tano, kwa hiyo bado yuko mbele ya ukoo.

Mimi sijambo, ila umri umenikalia kitako. Ile shule ya muziki imempa piano zao fundi mwingine, kijana mwenye kimashine cha mfukoni kinachomwambia waya umekaza au umelegea. Mtu anasoma sauti kwa macho. Nimewaachia, sina muda wa kubishana. Na watu wa mtaani siku hizi wanaongea kwa kunong'ona kama wezi, hata kinyozi wangu nimemwacha. Umefanya la maana kuandika. Simu nami zimenichosha.

Umenichekesha na mapigo. Unakumbuka nilivyokufundisha: nyuzi mbili zikikaribiana sauti bila kulingana, zinagombana, na ule ugomvi wao ndio unaodunda. Ukizikaribisha zaidi, mdundo unapungua mwendo. Zikilingana, kimya. Miaka arobaini na moja nimelipwa kuyaua mapigo hayo, na leo watu wanayatafuta ili walale. Haya, dunia ina mambo.

Nimeitoa ile mashine yangu ya milio yenye vifundo viwili vya kuzungusha. Namba zake zilishafutika siku nyingi na sikuwahi kuzihitaji. Watu wengine huweka mlio mmoja kila sikio ili mdundo utengenezwe na kichwa chenyewe. Mimi nimeichanganya kabisa ndani ya rekoda, sikio moja litakutosha. Nimekuwekea flashi tatu, na kila moja nimeifunga kipande cha kitambaa kizito, kile cha kwenye nyundo za piano. Cheupe ni cha kulala, mapigo mawili kwa sekunde, polepole. Kijani ni cha kupumzika, mapigo manane. Chekundu ni cha kazini, yanakimbia kama vidole vya mtu aliyechoka kusubiri zamu yake, yatakuweka macho.

Sikiliza, lala, uniambie.

Mjomba wako

18 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Kifurushi kilifika salama, na Mama akanusa kile kitambaa akasema kinanuka karakana yako. Alikaa nacho mkononi muda mrefu kuliko alivyotaka tuone. Spana zimerudi kwa mwenyewe. Profesa amehamia kwa mwalimu mwingine wa udereva, maskini mwalimu.

Milio ni mizuri, safi, haikwaruzi hata kidogo. Nikiwa na ile ya kijani kwenye kochi, mabega yananishuka. Kwa hilo nakushukuru sana. Lakini nina jambo, na usikasirike. Ile ya cheupe nikiiweka kitandani moyo unaniharakisha, natazama dari nikihisi kuna mahali nachelewa. Ile ya chekundu niliijaribu kazini siku mbili. Kanuni haziruhusu, lakini Redio huficha kidude chake cha kusikilizia sikioni na mimi nikaficha changu chini ya kitambaa cha kichwa, sikio la kushoto. Siku zote mbili kichwa kilikuwa kizito, macho yananata. Siku ya pili Msimamizi aliniita mara mbili kabla sijageuka. Nimeiacha.

Je, inawezekana vitambaa vimebadilishana? Nauliza tu. Kwa masikio yangu ile nyekundu inadunda polepole na ile nyeupe inakimbia. Lakini masikio yangu, baada ya miezi mitano bila usingizi, nami siyaamini sana. Niambie wewe.

Mpwa wako

9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku mvua imeharibu dari ya karakana na nimesogeza piano mbili peke yangu, mgongo unanidai. Mbwa wa jirani amezaa. Habari ndizo hizo.

Kuhusu vitambaa: hapana. Miaka arobaini na moja, Mama Maswali. Nimepima mapigo kabla mama yako hajamjua baba yako. Wapo watu waliokuwa wanapanda basi siku nzima kuniletea kinanda kisichopatana na fundi yeyote, nikakipatanisha kabla chai haijapoa. Leo niambiwe sijui polepole na haraka?

Nakuambia kinachokusumbua. Sikio la mtu asiyelala linadanganya. Linasikia haraka pakiwa taratibu, na taratibu pakiwa haraka. Sikio linafundishwa, wala halifundishiki kwa siku mbili. Rudia ile nyekundu kazini, kila siku, kwa sauti ya chini, wiki mbili mfululizo. Ule uzito unaousikia ni akili inajipanga. Ile nyeupe nayo uivumilie. Usiyasikilize masikio yako, nisikilize mimi.

Msalimie mama yako.

Mjomba wako

24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata juzi. Sote wazima, Mama anakusalimu.

Nisamehe kwa kukuuliza vile. Nimeanza tena na nyekundu tangu jana, kama ulivyosema. Bado nausikia uzito, lakini sasa najua ni masikio yangu, basi sijali. Kuna raha yake kumwachia mtu mwingine akusikilizie.

Naandika haraka, zamu inaanza.

Mpwa wako

4 Juni

Mpwa wangu,

Hujambo? Ni karibu mwezi sasa sijaona mwandiko wako, na mwandiko wako ulivyo mbaya mtu huukosa upesi. Dada yangu ameniandikia mistari mitatu tu, anasema uko nyumbani siku nyingi, huendi kazini, na ukiulizwa unasema mafua. Mafua gani ya mwezi mzima?

Huku salama. Dari imezibwa. Watoto wa mbwa wamegawiwa.

Nilitaka kukuambia kitu kidogo. Ile milio, kama imeshakuchosha, itupe tu. Ni mambo ya kupotezea muda, mimi mwenyewe nilifanya kwa kukufurahisha. Usiitumie kazini hasa. Siyo kwamba ina ubaya. Basi tu.

Niandikie.

Mjomba wako

19 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Profesa hajambo. Mimi nimesimamishwa kazi, na sababu nakueleza sasa kwa sababu nakuhitaji.

Tarehe sita Mei, saa nne asubuhi, jua linawaka nje na sisi tumewasha taa kama kawaida. Nilikuwa na ile nyekundu sikioni. Sikulaza kichwa mezani, Mjomba. Redio anasema alinitazama akaona nimekaa wima, macho wazi, mkono kwenye kitufe. Simu ikaingia, nikaipokea, nikasema, "Dharura gani?" Baada ya hapo sina kumbukumbu mpaka Msimamizi aliponishika bega.

Dakika mbili na sekunde arobaini. Najua kwa sababu simu zote hurekodiwa, na kamati ilinikalisha kwenye kiti nikaisikiliza yangu. Mwanamume anasema mke wake pumu imembana na dawa ya kuvuta imeisha. Anataja mtaa. Anataja nyumba, geti la bluu. Anauliza, "Mmenipata?" Anangoja. Anauliza tena, "Kuna mtu hapo?" Nyuma yake unamsikia mkewe. Anataja mtaa mara ya pili, taratibu, kama anamfundisha mtoto. Halafu anasema, "Dada, tafadhali." Ni mimi huyo dada.

Gari lilifika limechelewa dakika tatu. Mke wake alifia sebuleni.

Kwenye ile rekodi, chini ya pumzi zangu, kuna kitu kinadunda. Kidude kilinichomoka sikioni nilipoinamisha shingo kidogo, kikaning'inia karibu na maiki. Mwenyekiti wa kamati akasimamisha rekodi akauliza hiyo nini. Nikawaambia yote. Daktari wao alisema mlio peke yake haumlazi mtu, lakini mtu ambaye hajalala miezi, ukimbembeleza kwa mdundo wa polepole, ataangukia hapohapo alipo. Wakauliza: huu ulikuwa mdundo wa kukuweka macho au wa kukulaza? Nikasema wa kuniweka macho, alinitengenezea Mjomba. Wakauliza, na huyo mjomba alihakikishaje?

Nikasema nitakuuliza. Wanataka maandishi yako kabla ya tarehe ishirini na mbili Julai. Wakiona mlio ulikuwa mwingine na mimi sikujua, nitapewa onyo na kurudishwa, labda kwenye makaratasi. Wakiona ulikuwa ule uliostahili, basi ni uzembe wangu tu, na jina langu halitaajiriwa tena kwenye kazi ya namna hii. Ila siyo kazi tu, Mjomba. Mimi mwenyewe nataka kujua niliua vipi.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja. Ile flashi ya kitambaa chekundu, uliisikiliza kwa sikio lako kabla ya kuifunga? Nijibu hilo tu.

Mpwa wako

3 Julai

Mpwa wangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako imeniumiza mno, sijui nianzie wapi. Pole. Pole sana. Nimemwombea yule mama na mumewe, na wewe pia. Kula. Usikae chumbani na pazia limefungwa, najua tabia yako tangu utotoni.

Huku nimepata piano ya zamani kutoka ukumbi mmoja uliofungwa. Panya walikuwa wameingia ndani wakala vitambaa vya nyundo karibu vyote. Nimeanza kuvibadilisha kimoja kimoja, themanini na nane, kazi ya mikono tu. Inanituliza.

Sauti haimuui mtu, mwanangu. Daktari wao mwenyewe amesema. Mtu aliyechoka amechoka. Waambie hao wakubwa mjomba wako amefanya kazi ya sauti miaka arobaini na moja, hajawahi kurudishiwa kazi. Hilo wataelewa.

Nitaandika vizuri zaidi nikitulia. Msalimie mama yako, usimweleze mengi, presha yake unaijua.

Mjomba wako

21 Julai

Mpwa wangu,

Sitauliza habari za nyumbani, nisamehe. Nikianza nazo nitaishia nazo, kama kawaida yangu.

Sisikii. Sikio la kushoto lilikufa miaka miwili iliyopita, la kulia lina mvumo ndani yake usiozima, kama jiko la gesi lililosahauliwa. Watu wa mtaani hawanong'oni. Shule haikunipokonya piano kwa ajili ya yule kijana na mashine yake. Niliwawekea sawa piano ya ukumbini, wanafunzi wakaipiga mbele ya wazazi, na watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele nikipiga makofi.

Milio yako niliipima kwa kidole. Niliweka kidole kwenye spika nikahesabu mdundo nikitazama saa, na nikajiambia nafanya hivyo kwa uhakika zaidi. Mapigo yalikuwa sahihi, naapa. Lakini nilipokwisha kurekodi, flashi zote tatu zilikuwa mezani, nyeusi, sura moja, na sikukumbuka ipi ni ipi. Nikazisikiliza. Nikasikia mvumo wangu mwenyewe. Ningeweza kuweka kidole kwenye spika tena. Ni kazi ya dakika moja. Lakini safari hii isingekuwa kwa uhakika zaidi, ingekuwa kukiri. Nikafunga vitambaa kwa kubahatisha.

Hilo siyo baya kuliko yote. Ulipouliza kama vitambaa vimebadilishana, nilikujibu kwa kiburi tarehe tisa Aprili. Tarehe kumi na moja kiburi kiliniishia. Nikachukua nakala za flashi zile, nilizozitoa na kuziandika rangi baada ya kufunga vitambaa, nikaenda kwa mwalimu wa muziki wa shule ileile. Mwalimu yule alizisikiliza, akaniandikia kwenye karatasi, kwa sababu alishajua kuwa sisikii: uliyoita nyeupe ni ya haraka, uliyoita nyekundu ni ya polepole sana. Alisema ya polepole inamlevya.

Nilijua tangu siku hiyo. Jioni yake niliandika barua ya mistari minne, nikaitia kwenye bahasha, nikabandika stempu. Sikuipeleka posta. Nilijua utauliza nilikosea vipi, maana wewe ni Mama Maswali, na jibu lake lilikuwa moja tu. Nikasema nitaipeleka kesho. Nikapata barua yako ukisema umeanza tena, nikasema kesho. Ile ya Juni, ya kukuambia uitupe, ndiyo ujasiri wote niliokuwa nao. Sikujua kwamba yule mama wa pumu alikuwa ameshakufa mwezi mzima.

Hii wape kamati, hata ikifika siku yao imepita. Nimesaini kila ukurasa na mwalimu wa muziki ameshuhudia. Niko tayari kuja niseme mbele yao, ingawa mtu itabidi aniandikie maswali. Nijibu hata neno moja. Nitusi, lakini nijibu.

Mjomba wako

12 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Neno hilo naliandika kwa sababu nililelewa hivyo.

Mama hajambo. Profesa amefaulu mtihani wa udereva wiki iliyopita na hakuna aliyekumbuka kumpongeza. Aliweka leseni juu ya meza, ikakaa pale siku mbili, halafu akaiondoa mwenyewe.

Barua yako ilifika tarehe nne. Kamati ilimaliza tarehe ishirini na nne Julai. Waliponiomba maandishi yako niliwapa uliyokuwa umeyatuma, yale ya piano na panya. Mwenyekiti aliyasoma kwa sauti. Alipofika kwenye miaka arobaini na moja na kazi isiyowahi kurudishwa, aliweka karatasi chini akaniuliza kama namwamini mjomba wangu. Nilisema ndiyo. Nilisema hakuna mtu ninayemjua mwenye sikio kama lako. Wakaandika: mlio ulikuwa uliostahili, uzembe ni wa mhudumu. Nikatia saini. Nimekwenda kuwauliza kama kesi inaweza kufunguliwa upya, karani akanionyesha mahali niliposaini kwamba sina nyongeza.

Nimehesabu siku. Barua kutoka kwako hutembea wiki mbili, zikizidi zikipungua kidogo. Ile ya mistari minne ningeipata tarehe ishirini na tano Aprili. Nilikuwa nimeiacha ile nyekundu, Mjomba. Masikio yangu yalikuwa yameniambia ukweli na mimi nikakuletea wewe. Uliniambia yanadanganya. Uziwi wako ningeuelewa, ningeulilia pamoja nawe. Lakini kazi yangu yote ilikuwa kuamini ninachokisikia, na uliniondolea hilo ili mtu asijue la kwako. Sasa hata Mama akiniita kutoka jikoni nasita, sijui kama ameita kweli.

Swali langu umelijibu, nashukuru. Nilitaka kujua niliua vipi. Nilidhani nikijua nitapata nafuu. Sijapata, na wala sitegemei.

Baada ya uamuzi ule nilikwenda kumwona yule mume. Ni mchomeleaji wa mageti, karakana yake iko nyuma ya nyumba. Nilisimama pembeni mpaka akazima moto akainua kinyago. Nikamwambia mimi ndiye wa simu ile. Sikuwa nimejiandaa kwa atakachosema. Aliniuliza kitu kimoja: "Ulikuwepo, au nilikuwa naongea peke yangu?" Nikamwambia nilikuwepo, nilisinzia, kosa ni langu peke yangu. Akatikisa kichwa akarudi kazini. Hivyo ndivyo nilivyomwambia, Mjomba, uso kwa uso, siku nane kabla barua yako haijafika.

Kwa hiyo sikuweza kukaa nayo. Jana nilirudi pale nikampa. Aliisoma amesimama, kurasa zote, kisha akairudia. Aliuliza ile mistari minne ilikuwa inasemaje. Nikamwambia sijui, haikutumwa. Akachukua chaki akaandika anwani yako ukutani, juu ya meza yake ya kazi, akanirudishia bahasha.

Mimi sitaandika tena. Akikuandikia yeye, mjibu siku hiyohiyo.

Mpwa wako